Kakakuona wa Vizibo

Jumatatu, 22 Julai 1996

Saa tatu asubuhi. Kipimamvua kikavu. Nimeandika "hakuna" kama jana na juzi. Upepo wa mashariki, mdogo. Bi Tausi, mwenzangu hapa kituo cha hali ya hewa, amechelewa kidogo. Mtoto wake ana mafua.

Mchana nimepita Majengo. Vizibo vya chupa arobaini na kimoja kutoka baa mbili. Mwenye baa ya pili hanihoji tena, ananiwekea kwenye kopo. Naona anafikiri ni vya kuchezea drafti.

Jioni nimeponda ishirini kwa nyundo. Vinalala vizuri vikipigwa kwanza pembeni, halafu katikati. Ukianza katikati vinajikunja. Naandika hili nisisahau.

Jumla sasa: mia saba na tatu.

Alhamisi, 25 Julai

Mvua hakuna.

Masanja anajua. Ni fundi baiskeli wa Majengo, Msukuma, mwenye sauti ya kusikika hadi stesheni. Nilikwenda kwake kutafuta waya mwembamba, mara ya nne mwezi huu. Akauliza kama nafuga sungura. Nikasema ndiyo. Akauliza wangapi. Nikasema sina.

Sijui kudanganya. Basi nikamwambia ukweli. Nashona mnyama, wa kuvaa mwenyewe.

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alirudishia mlango wa kibanda, akavuta gunia chini ya meza, akatoa kichwa cha fisi. Masikio ya mpira wa tairi. Meno ya mbegu za maboga. "Mimi ni Fisi," alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Mwaka wa tatu sasa."

Kumbe wapo! Kila mwaka baada ya mavuno wanakutana Sibwesa, siku tatu. Watu wa Inyonga, Usevya, Karema, hadi Mishamo. Kila mmoja na mnyama aliyemshona kwa mkono wake. Miaka miwili naponda vizibo chumbani nikidhani niko peke yangu duniani.

Amenipa karatasi ya mwaliko. Inasema kila mmoja aje na mnyama wake. Chini kuna masharti matatu. Ngozi ya kweli hairuhusiwi, watu wa wanyamapori wasije wakakamata mtu. Ukishavaa, unaitwa kwa mnyama wako, na ni marufuku kukuuliza jina la nyumbani, kabila wala kazi. La tatu, kila mnyama ataingia uwanjani peke yake, japo mara moja.

Sharti la pili nimelisoma mara nne kwa furaha. La tatu mara moja tu.

Jumapili, 28 Julai

Nimekwenda misa. Benchi la mwisho, karibu na mlango, kama kawaida.

Niandike wazi ninachoogopa. Kidato cha pili niliitwa mbele kwenye mdahalo. Nikasema "Mheshimiwa Mwenyekiti," kisha nikatoka mlangoni. Sikurudi. Nilitembea hadi bwenini nikalala na viatu. Harusi ya mdogo wangu nilikaa jikoni nachochea kuni, na kwenye picha zote sipo. Nina miaka thelathini na tatu na sijasimama tena mbele ya watu.

Kakakuona, mnyama ninayemshona, nilimwona mara moja tu, nikiwa na miaka minane, shambani kwa baba, Ufipa. Alikuwa anavuka njia. Nilipomkaribia alijikunja akawa duara. Haumi, hana hata meno. Anafunga tu, basi. Nilikaa naye kama nusu saa. Nilimwelewa. Halafu watu wazima wakaja, wakambeba kwa shangwe kumpeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Sisi watoto tukafukuzwa.

Nimeamua. Nitakwenda. Uwanjani nitaingia, nitazunguka mara moja, nitatoka. Hatua mia moja, si zaidi. Nimeshindwa kumaliza chakula kwa furaha. Au kwa hofu. Leo sioni tofauti.

Jumanne, 6 Agosti

Mvua hakuna. Nimeomba ruhusa ya siku tatu. Miaka sita sijakosa kipimo hata kimoja. Nilimwandikia Bi Tausi maelekezo ukurasa mzima. Aliyasoma akanirudishia. "Nenda zako, kaka Fideli. Mvua yenyewe haipo. Nitapima vumbi."

Mama Skola, mwenye nyumba wangu hapa Shanwe, ameuona mrija. Ni wa tete, ule ule wazee wetu wanaonywea pombe chunguni. Nilikuwa nauanika dirishani.

"Wewe Fideli! Umeanza kunywa?"

Nikasema ni ulimi.

"Ulimi wa nani?"

Nikaingia ndani. Kupitia ukuta nilimsikia akimwambia jirani, "Huyu kijana aoe tu. Hizo vizibo zitamla."

Lakini ulimi umekaa vizuri sana. Kichwa ni kibuyu kirefu, shingo yake ndiyo pua. Mrija unapita ndani ya shingo, mwisho mmoja unafika mdomoni kwangu, mwingine unatokeza nje shibiri nzima. Nikiusukuma kwa meno unatoka. Nikiuvuta unarudi. Nimecheza nao jioni nzima mbele ya kioo. Aibu kuandika, lakini ni kweli.

Jumatano, 14 Agosti

Amekamilika!

Vizibo mia tisa na kumi na viwili, vimepangwa kama vigae, kila kimoja kinalalia mwenzake, vimeshonwa kwa uzi wa nyavu juu ya gunia la katani. Mkia umejazwa mpira wa baiskeli. Uzito karibu kilo nne. Nikitembea analia kama mvua ndogo juu ya bati.

Kasoro moja. Matundu ya macho nimeyatoboa chini mno. Naona ardhi tu, hatua mbili mbele. Nikitoboa tena kibuyu kitapasuka. Labda ni heri. Sitawaona watu.

Ijumaa, 16 Agosti. Sibwesa

Lori la kubeba mahindi, tangu alfajiri. Nilikaa juu ya magunia matupu nimemkumbatia Kakakuona ndani ya blanketi. Masanja aliongea njia nzima na sikuhitaji kujibu. Huo ndio uzuri wake.

Tumefikia ghala tupu, bado linanuka tumbaku. Mlangoni nilisimama. Ndani: Pundamilia wawili wa viroba vya sukari. Kiboko mkubwa wa blanketi za kijivu, anahitaji watu wawili. Korongo mwenye shingo ya fimbo. Nyani wa katani, mkia umesukwa nywele tatu-tatu. Mamba wa magome ya mti! Watu wazima, wenye mvi wengine, wamekaa sakafuni na sindano, wanaazimana uzi.

Nilifungua blanketi. Mzee anayekaa mbele ndani ya Kiboko alishika mkia wangu akaugeuza, akatazama mishono ya ndani. Si ya nje. Ya ndani! Akasema, "Huyu hana haraka." Basi. Hakuniuliza natoka wapi. Hakuniuliza kwa nini sijaoa.

Nilitaka kulia. Sikulia. Nilikunywa chai vikombe vitatu.

Jioni ikaja familia moja kutoka pembezoni mwa kijiji, wafugaji, wageni wa mwaka huu. Walikuwa wameisoma karatasi. Wamekuja na mbuzi. Baba mtu akasema, "Mmesema kila mtu na mnyama wake. Huyu ndiyo wangu, nyie wa kwenu wako wapi?" Ghala zima lilicheka, naye akacheka kuliko wote alipoelewa. Mbuzi amefungiwa utepe shingoni na amesajiliwa. Yeye ni Mbuzi. Sharti la ngozi ya kweli limelegezwa kwa ajili yake, kwa kuwa bado anaitumia.

Jumamosi, 17 Agosti. Mchana

Naandika haraka.

Asubuhi nimeongea na mtu kwa saa tatu mfululizo. MIMI. Ni Nungunungu, mwanamke, amekuja na lori la samaki kutoka Karema. Miiba yake ni spoku za baiskeli na vijiti vya katani, spoku, kijiti, spoku, kijiti. Akitingisha mgongo inalia chaaa. Alitaka kujua vipi vizibo vyangu havikati uzi. Nikamwambia nasugua ukingo kwa jiwe kabla ya kushona. Akauliza, "Vyote?" Nikasema vyote. Akasema, "Ee, kaka, wewe mgonjwa kama mimi."

Tulikuwa tumevaa vichwa. Sijaona uso wake. Sikuhitaji. Maneno yalikuwa yanatoka tu.

Aliniambia mwaka wake wa kwanza aliingia uwanjani akatapika ndani ya kichwa. Mwaka wa pili akarudi. Nikamwambia habari ya mdahalo. Sijawahi kumwambia mtu.

Saa tisa uwanja wa mpira. Mimi ni wa kumi na nne, baada ya Fisi. Hatua mia moja.

Jumamosi, jioni

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Kijiji kizima kilikuwepo, na vijiji vya jirani. Fisi aliingia, akachechemea, akaiba kikapu cha mama mmoja akafukuzwa nacho. Kicheko. Kisha ikaja zamu yangu.

Niliingia. Niliona ardhi, hatua mbili mbele, basi. Nikaanza kuhesabu. Moja, mbili. Vizibo vinalia. Nilipofika thelathini, kelele zikakatika. Si kupungua. Kukatika. Hata ngoma.

Nilidhani nimekosea. Halafu mama mtu mzima akapiga kigelegele na kuita, "Kakakuona! Kakakuona amekuja! Leteni vitu!"

Hapo ndipo nilipokumbuka walimpeleka wapi yule wa shambani kwa baba. Jinga mimi. Miaka miwili nashona, nimefikiria magamba, nimefikiria ulimi, nimefikiria mkia. Sikufikiria kwamba kakakuona akionekana, watu hawamwangalii tu. Wanamuuliza mwaka. Wanamwekea vitu mbele, achague. Akienda kwenye maji, mvua. Unga, chakula. Mshale, vita. Nilichagua mnyama wa kujificha, kumbe nimechagua yule pekee ambaye hawezi kupita hivi hivi.

Niliona miguu ikija na kurudi. Vitu vikiwekwa chini, vuu, vuu. Na redio inataja vita ng'ambo ya ziwa kila jioni. Hakuna aliyekuwa anacheka. Wanajua ni gunia na vizibo. Wote wanajua. Lakini walinyamaza vile vile.

Nilitaka kukimbia. Mguu ulishageuka. Nikamsikia mzee mmoja karibu yangu, polepole, kama anayemwelekeza mtoto, "Akiondoka bila kuchagua, huo ni mwaka wa kufa."

Basi nilifanya kile nilichokijua. Nilijikunja. Magoti kifuani, kichwa ndani, mkia juu. Duara. Nilisikia watu elfu wakivuta pumzi. Ilikuwa hofu tupu, na wao waliona ufundi.

Ndani ya duara kulikuwa na joto na giza na harufu ya katani. Nikapumua. Nilitulia kuliko nilivyowahi kutulia popote. Nikafikiri: kitu kibaya kabisa nilichokiogopa maisha yangu yote ndicho hiki, na nimo ndani yake sasa hivi, na bado nipo. Lakini unga uko wapi, maji yako wapi, mshale uko wapi? Nikikosea? Sioni kitu!

Ndipo nikasikia, chaaa. Spoku. Nungunungu alikuwa ameingia uwanjani. Haikuwa zamu yake. Alinizunguka, na alipopita karibu na kichwa changu akasema chini chini, "Kaka. Maji kushoto. Hatua tatu. Mshale uko kulia, usiende."

Nilijikunjua. Vizibo vilimwaga sauti kama mvua ya kwanza. Moja, mbili, tatu. Bakuli la bati, maji yanang'aa. Na nilikuwa na kiu! Hilo ndilo jambo la kuchekesha. Tangu saa tano sijanywa, kilo nne za bati mgongoni, jua la Agosti. Nikasukuma mrija kwa meno. Nikasikia mtoto akipiga ukelele, "Ulimi! Ana ulimi!" Ulimi ukaingia majini. Nikavuta.

Maji yakashuka. Wakayaona yanashuka. Nikavuta hadi bakuli likalia kavu.

Siwezi kuandika sauti ile. Ilinipita mwilini. Vigelegele, ngoma, watu wakilia kabisa. Fisi alirukia bakuli la unga akala konzi nzima, na watu wakapiga kelele, "Na chakula tele! Hadi fisi atashiba!" Mtu alichukua mshale akauvunja mguuni. Mbuzi akakata kamba.

Na mimi sikutoka. Hatua mia moja zilipita zamani. Nilicheza. Nilizunguka uwanja mara tano, mkia unayumba, ulimi unaingia na kutoka, nikacheka ndani ya kibuyu hadi nikapaliwa.

Vizibo saba vimeng'oka bega la kushoto nilipojikunja. Sijali. Kwa mara ya kwanza maishani, sijali.

Jumapili, 18 Agosti

Asubuhi watu wamevua vichwa na kuvifunga. Waliobaki ni watu wa kawaida tu, wafupi kuliko nilivyodhani. Sheria inaruhusu sasa kuulizana majina. Hakuna aliyeuliza.

Mama mmoja wa khanga ya bluu alikuwa anapandisha gunia kwenye lori la Karema. Gunia lilisema chaaa. Nikasimama. Yeye naye akasimama. Ana pengo la meno mbele. Nilitafuta la kusema, nikakuta maneno yote ya jana nimeyaacha kwenye kibuyu.

Yeye akasema, "Kaka." Akangoja kidogo. "Nimekuona."

Jina langu hilo. Amelikata vipande viwili akanirudishia.

Lori likaondoka. Nilibaki nimesimama mpaka vumbi likashuka. Masanja alikuja akanipiga bega. "Twende, mtabiri wa hali ya hewa." Nikacheka. Yeye ndiye pekee anayejua kazi yangu.

Jumatatu, 19 Agosti

Mvua hakuna. Bi Tausi amejaza daftari bila kosa. Pembeni ameandika kwa penseli: "Vumbi: jingi."

Nimelala nguo zikiwa zimejaa harufu ya tumbaku. Mama Skola ameuliza nimekwenda wapi hadi narudi nikipiga mluzi.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua hakuna. Joto kali. Mawingu ya mchana yanakuja na kuondoka.

Masanja anasema Sibwesa wameshalima, wanasubiri. Wanasema Kakakuona alikunywa bakuli lote, hakubakiza. Mimi mwenyewe ni mpima mvua, najua bakuli la maji halileti wingu. Nilikuwa na kiu tu! Lakini sikumwambia hivyo Masanja. Nilitoka nje mara tatu kutazama magharibi.

Jumatano, 13 Novemba

Saa tatu asubuhi. Mvua: milimita kumi na mbili na nusu.

Ilianza saa kumi na moja alfajiri na ikanyesha taratibu. Nilimimina, nikasoma, nikamimina tena. Bi Tausi alisimama mlangoni na kitenge kichwani. Sikuileta mimi. Nimeandika tarakimu, nimetia sahihi.

Mchana Masanja ameniletea kitu kilichokuja na lori la samaki. Kopo dogo la kahawa, limefungwa kwa uzi wa nyavu. Juu, mahali pa jina, pamechomekwa spoku moja.

Ndani kuna vizibo. Saba. Vina alama za nyundo yangu, pembeni kwanza, halafu katikati. Nungunungu aliviokota uwanjani, mchangani, watu wakiwa bado wanacheza.

Jioni nimemshusha Kakakuona juu ya kabati. Mvua inanyesha tena, ndogo, juu ya bati. Mama Skola kaweka ndoo nje.

Sita nimevishona. Cha saba kipo hapa mezani, karibu na spoku yake.